Fundi Hajanywa Akabidhi Drili

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, fundi mkuu wa injini wa karakana yetu anastaafu tarehe 30 Juni. Jina lake halisi limo katika faili. Sisi tunamwita Fundi Hajanywa, na kwa kuwa jina hilo limewahi kuwapotosha wageni, ni vyema lielezwe kwanza.

Injini iliyofunguliwa na kuundwa upya huwa kavu ndani. Ikiwashwa hivyo hivyo, vyuma husagana kabla oili haijavifikia, na kazi ya wiki nzima huharibika kabla mwenye gari hajafunga mlango. Kwa hiyo Fundi huingiza fimbo ya drili katika tundu linaloteremka hadi kwenye pampu ya oili, akaizungusha pampu mpaka mshale wa geji upande na oili ichuruzike juu, kwenye vali. Kazi hiyo huiita kunywesha. Anayesogelea ufunguo mapema husikia sauti kutoka chini ya boneti: "Hajanywa!"

Jarida hili limemkumbusha mara nyingi kwamba injini si kiumbe hai, na kwamba usahihi ni "haijanywa". Jibu lake halikubadilika: anayesema hivyo hajawahi kumsikia akilia kwa kiu.

Mteja mmoja, aliposikia jina hilo likiitwa uani, alimwuliza mhudumu wa mapokezi kwa hofu, "Kama leo hajanywa, siku akinywa gari langu litakuwaje?" Kumbe kinywaji kikali cha Fundi ni chai ya rangi, nayo huinywa akiwa amesimama, ikishapoa. Hatulii. Mkewe anatuambia kwamba hata nyumbani hukaa ukingoni mwa kiti, kama abiria anayechelea kupitiliza kituo.

Hakuna injini aliyoinywesha iliyokwama ilipowashwa mara ya kwanza. Amefunza mafundi wengi, na baadhi yao sasa wana karakana zao. Lakini drili hakumpa mtu. Hata Mama Pacha, fundi atakayeshika nafasi yake, alifunga injini ngapi sijui. Ilipofika saa ya kunywesha, aliambiwa atazame tu.

Wiki iliyopita ikafika zamu ya injini yake ya mwisho, ya gari letu la kukokotea. Drili ililia, mshale haukutikisika. Akabadilisha geji, mshale ukalala palepale. Akakagua filta, akaenda mlangoni, akarudi, akanawa mikono iliyokuwa safi. Meneja alichungulia, akaondoka, akachungulia tena. Dereva alichezesha ufunguo mfukoni hadi akaombwa aache. Hatimaye Fundi akaagiza injini ishushwe na kufunguliwa upya. Kila mtu alielewa maana yake: angeondoka bila kuisikia ikinguruma.

Mama Pacha alikwisha kuchukua spana alipoinama kuitazama ile drili. Akasema taratibu, "Mzee, mbona unamnyonya badala ya kumnywesha?"

Swichi ilikuwa imegeuzwa. Drili ilizunguka kinyume, na pampu ikawa inairudisha oili chini. Karakana nzima ilitazama sakafu kama darasa lililovunja kioo. Kisha Fundi mwenyewe akaangua kicheko, akajifuta machozi kwa kitambaa cha grisi, mashavu yakawa meusi, akamkabidhi Mama Pacha drili.

Mikono ya Fundi ikakosa pa kwenda. Aliitia mifukoni, akaitoa, akaifumbata kifuani. Mama Pacha akairudisha swichi, akazungusha, mshale ukapanda. Oili ikachuruzika juu. Dereva akamtazama Fundi kuomba ruhusa. Fundi akamtazama Mama Pacha. Mama Pacha akasema hajashiba bado, subirini. Wakasubiri, naye Fundi akiwa mwenye haraka kuliko wote. Mama Pacha alipokubali, injini iliitika kwa mguso wa kwanza.

Fundi, tunakushukuru kwa kutuchelewesha miaka yote hiyo. Karakana iko katika mikono inayosubiri. Nenda ukapumzike, kiti cha nyumbani ukikalie chote, wala si ukingo wake, na chai uinywe ingali moto. Tunakuombea afya njema na siku nyingi zisizo na kiu. Na kwa heshima yako, mara hii moja tu, jarida hili linaandika kama utakavyo: injini amekunywa.