Ejvind Krag na Kamba Mbili za Mlangoni

"Hiyo kamba unaikata leo, Baba! Leo!"

"Kata nywele zako kwanza, zinakuziba macho."

"Sitanii! Hebu iangalie. Imekauka kama mkate wa juzi. Kijana mwingine akipanda na kamba kama hiyo, unamtukana mpaka mama yake anasikia."

"Basi nitukane na mimi."

"Nakutukana! Mzee mbishi wewe! Kisiki!"

Wasikilizaji wapendwa, hizo sauti zilisikika Jumanne iliyopita, asubuhi, jikoni kwa Ejvind Krag, hapa hapa Faaborg. Ejvind, mpanda miti. Ejvind ambaye leo hatunaye. Aliyekuwa anafoka ni binti yake, Tyra, aliyekuwa anafanya naye kazi. Ugomvi huu tunausimulia kwa sababu Tyra mwenyewe kaomba. Kasema, "Msimpambe Baba. Semeni tulivyokuwa."

Haya. Walikuwa hivyo.

Kamba waliyoigombania ilikuwa kuukuu. Zamani nyeupe, sasa kijivu. Ilining'inia kwenye msumari, pembeni ya mlango. Jirani yake kulikuwa na kamba mpya, rangi ya machungwa, Tyra ndiye kainunua, bado inanukia duka. Wapanda miti wana sheria yao: kamba ikichoka haitupwi nzima. Inakatwa vipande vipande, asije mtu akaiokota akapandia. Ejvind aliwakatia wenzake kamba zao, kisiwa kizima cha Fyn, bila huruma. Ya kwake hakukata.

Kwa nini? Kwa sababu mwisho wa ile kamba kuna kitanzi, na kitanzi kile alikisuka mkewe, Birte, kwa mikono yake. Birte alishafariki. Kitanzi kikabaki.

Dada yake Ejvind, Bi Ragnhild, anakumbuka utoto wao. "Huyo hajawahi kukaa chini. Mama akiita chakula, jibu linatoka juu ya mti wa jirani. Mwisho Mama akawa anamfungia mkate mweusi na ini la kusaga kwenye kikapu, Ejvind anakivuta juu kwa kamba. Nikamwambia, we Ejvind, utakuja kuoa ndege! Kumbe akaoa Birte, anayeogopa hata ngazi ya dari."

Tyra naye alianza kupanda akiwa mdogo. Siku ya kwanza alishikwa na hofu juu kule, akaling'ang'ania fundo kwa mikono miwili. Akaanza kuteleza. Wasikilizaji, fundo la wapanda miti lina tabia yake. Ni kamba nyembamba iliyozungushwa kwenye kamba nene. Ukilibonyeza, linateleza. Ukiliachia, linashika. Mwenye hofu hulikamata, na kulikamata ndiko kunamwangusha. Baba yake alipiga kelele toka chini: "Achia, Tyra! Achia!" Akaachia. Fundo likashika. Akabaki ananing'inia, analia, baba yake chini anacheka na machozi yanamtoka.

Sasa ile Jumanne. Kazi ilikuwa uwanja wa kanisa, mwaloni mkubwa, tawi limevunjwa na upepo, linaning'inia juu ya geti. Ejvind alitangulia. Tyra alifuata na baiskeli, bado kanuna. Kufika, anaona kamba imeshapitishwa juu. Rangi ya machungwa. Kamba mpya.

Akaegesha baiskeli. Baba naye anavaa mikanda.

Lakini hakuna kupanda kabla mwenzako hajakukagua. Hata kama mmegombana. Lazima akuguse. Tyra akavuta mikanda ya baba yake, bizimu moja moja. "Kofia?" "Ipo." "Mkanda?" "Umefungwa." Ule wa kiunoni akauvuta kwa hasira kidogo.

"We mtoto, unataka kunikata vipande na mimi?"

Tyra anasema, "Kicheko kilishafika mdomoni. Nikakimeza. Nikasema nitamcheka saa ya kahawa."

Saa ya kahawa haikufika. Juu ya mwaloni, kabla hata hajawasha msumeno, moyo wa Ejvind ulisimama. Mikono ikaachia. Fundo likashika.

Mtunza makaburi wa pale kanisani alikimbilia simu. Tyra alipanda kwa kamba ileile, hakusubiri kurusha ya pili. Akamfikia, akamfunga kwenye mkanda wake, akaweka kwenye kamba chuma cha breki cha kushukia, wakashuka pamoja. Watu wawili, kamba moja. Daktari alisema moyo ulikuwa umeshamaliza hata Tyra hajaanza kupanda.

Usiku wa maombolezo Tyra aliishusha ile kamba kuukuu msumarini. Akaikunja, akaipindapinda. Nyuzi za ndani zimekatika. Isingewabeba wawili. Akachukua kisu, akaikata vipande vipande, analia. Kitanzi peke yake hakukigusa. Alikiweka mkononi mwa baba yake, kwenye jeneza.

Tyra, pole sana. Bi Ragnhild, pole. Wapanda miti wote wa Fyn, poleni.

Na wewe unayenisikiliza, labda kwako kuna mtu unagombana naye kila asubuhi kwa sababu unataka arudi jioni. Gombana naye tu. Ila kicheko kikikujia, usikimeze.

Na asubuhi ile ya Jumanne, jikoni, baada ya ugomvi, Tyra hakuona kamba mpya ilivyotoka ndani. Alikuwa kawapa mgongo, anaosha vikombe kwa kishindo. Aliyeona ni Bi Ragnhild, alikuwa mezani na kahawa yake. Anasema kaka yake alisimama mbele ya msumari. Akaingiza kidole gumba kwenye kitanzi cha Birte, akakizungusha taratibu. Akakitoa. Akaitwaa ile ya machungwa, akaitia begani, akamgeukia dada yake na kidole mdomoni: usimwambie.

Akatoka, akafunga mlango.