Miaka Thelathini na Mitatu bila Bhairavi

Baada ya miaka thelathini na mitatu nyuma ya kipaza sauti, Bi Sumangala Hiremath anastaafu rasmi tarehe 31 Mei. Hapa Redio Malaprabha, Dharwad, tunamwita Akka, kama tunavyowaita dada zetu wakubwa. Hata wakurugenzi waliomzidi umri walimwita hivyo walipokuwa na shida.

Akka alianzia chumba cha kanda, akifuta vumbi na kubandika majina. Alipewa kipindi cha "Muziki wa Alfajiri" kwa sababu mtangazaji aliyepangiwa hakupenda kuamka mapema. Nusu saa hiyo ya raga, lahani za muziki wetu wa kale wa Kihindi ambazo kila moja ina saa yake, ikamnogea, na mji nao ukanogewa. Mwaka mmoja uongozi ulijaribu kukirudia kipindi jioni. Mzee Gurunath Kattimani, fundi wa ala za nyuzi, akaamka kutoka usingizi wa mchana, akasikia raga ya asubuhi, akaoga, akasali, akakaa barazani kumsubiri mwuza magazeti. Alipoambiwa kwamba jua linazama, alikuja hapa na bakora. Marudio yalifutwa siku ile ile.

Lakini lililotuumiza vichwa miaka yote ni jambo moja: Akka hakuwahi kupiga Bhairavi. Raga tamu kuliko zote, inayoombwa na kila msikilizaji, ilikaa kabatini tu. Tulikisia kila namna. Basavva wa mapokezi alisema ni nadhiri aliyomwekea marehemu mama yake. Mimi niliweka dau sanduku zima la peda, vile vitamu vyetu vya maziwa, kwamba kuna mpiga fidla ya sarangi aliyemvunja moyo ujanani. Akka alicheka mpaka miwani ikamtoka, akala peda zangu, na jibu hakutoa.

Mwezi uliopita mkurugenzi wetu, Bwana Inamdar, alitutangazia kwamba Akka akiondoka, kipindi nacho kitaondoka, na nafasi yake itajazwa nyimbo za sinema. Shivaleela, binti ambaye Akka amemnoa kwa miaka minne ili amrithi, hakula siku hiyo. Bwana Inamdar si mtu mbaya. Alitaka kipindi kizikwe kwa heshima, akamwomba Akka afunge kwa Bhairavi, na akawatangazia wasikilizaji hivyo hewani. Tulihuzunika, ila kusema kweli masikio tuliyatega.

Jumatatu hii ndiyo ilikuwa asubuhi yake ya mwisho, nami nilikuwa kwenye mitambo. Akapiga Todi, raga ya asubuhi ya kila siku, akawatakia watu siku njema, akazima kipaza sauti. Nikamwuliza Bhairavi iko wapi.

"Bhairavi ndiyo inayofunga hafla, mdogo wangu," akasema. "Ikishapigwa, watu wanavaa viatu. Kwani nani kasema tumemaliza?"

Kumbe jibu ndilo hilo. Nilijiona mjinga, maana hata mtoto wa hapa anajua kwamba mtu hainuki mkekani kabla ya Bhairavi. Wasikilizaji wala hawakuhitaji kuelezwa. Simu zilianza kulia kabla chai haijachemka, kila mmoja akidai hafla bado inaendelea. Mzee Gurunath hakupiga simu. Alikuja mwenyewe na bakora ile ile, akavua viatu mlangoni kwa mkurugenzi, akaketi sakafuni.

"Mwanangu, Bhairavi sijaisikia," alimwambia. "Sasa kesho anakuja nani?"

Bwana Inamdar alimtazama mzee, akaitazama simu iliyokuwa ikilia, kisha akatuma Shivaleela aitwe.

Akka, asante kwa asubuhi zote ulizotuamshia, na kwa subira yako na sisi tuliokosea kukisia. Mungu akupe afya, usingizi mrefu na majirani wasiopiga kelele. Tunajua utaamka mapema tu, mazoea yana taabu. Basi saa kumi na mbili na nusu fungua redio: Shivaleela yuko hewani, na Bhairavi iko kabatini.