Mama Adelaïde Kayitesi na Siki Yake ya Ndizi (1967–2025)

Ndugu, jamaa na wakristo wote, mimi Symphorien, kaka mudogo wa marehemu, njo nimepewa kazi ya kusoma maisha yake. Nitasoma polepole, maana musiba huu haujaisha. Claudette, mukamwana wake, angali anapigania pumzi hospitalini.

Adelaïde alizaliwa tarehe 14 Mei 1967 kwenye kilima juu ya Nyabiondo, binti wa kwanza wa Papa Kabera na Mama Emérita, walimaji wa maharagi na muhogo. Alisoma shule ya musingi Nyabiondo, akamaliza mwaka 1980, kisha akajifunza kushona kule Masisi. Kushona hakukupenda. Alisema kukaa kimya na sindano kunamufanya anune bure.

Tarehe 20 Agosti 1988 aliolewa na Papa Benoît Nsengimana, wakajenga nyumba ya mbao hapa Kitshanga. Mungu aliwapa Esdras, Astrid na Gaëlle. Vita viliwakimbiza mara nyingi, na kila mara dada yangu alibeba kikapu cha simbiliki, wale wanyama wadogo wasio na mukia ambao kwetu wanaishi chini jikoni, wanakula majani na kulamba kila kitu. Papa Benoît alimutania kwamba siku moja atasahau bwana nyuma, lakini simbiliki, hapana.

Mwaka 2019, wakati wa kolera, javeli, ile dawa kali ya kusafishia na kuua vijidudu, iliingia karibu kila nyumba. Adelaïde alisugua jiko nayo, akafurahia sakafu ilivyong'aa. Kesho yake simbiliki walikuwa wamelala pembeni, wamekufa, midomo imechubuka. Akaapa javeli haitagusa tena jiko lake. Alianza kuchachusha ndizi mpaka zikawa siki, akatia maganda ya ndimu, akachuja kwa kitambaa. Masufuria aliyasugua kwa majivu. Sakafu aliiosha kwa siki iliyopunguzwa na maji, akangoja ikauke, halafu njo akaachilia wanyama wake wapya, nao hawakudhurika. Wamama wa kambi ya wakimbizi na wa sokoni walikuja kujifunza, naye aliwajazia machupa bila kinyongo. Lakini hakuna aliyeondoka bila kuonywa: "Hii na javeli haviketi beseni moja. Vikikutana, mutu hatoki." Sisi tulicheka. Tulidhani ni chuki tu ya zile simbiliki zilizokufa.

Jumanne tarehe 7 Oktoba 2025, kikundi cha maombi kilitarajiwa nyumbani. Mvua ilinyesha sana, mulango na dirisha la jiko vikafungwa. Claudette, muke wa Esdras, aliona haya kwa harufu ya wanyama, akaingia kuosha jiko. Siki peke yake aliiona zaifu, akamwagia javeli ndani ya beseni ile ile ili ipate nguvu, na hewa ya sumu ikajaa jiko. Adelaïde alikuwa saloni, chumba cha kupokelea wageni, na bwana wake. Simbiliki, ambao siku zote wanapiga kelele, walinyamaza wote pamoja. Papa Benoît anasema muke wake alisimama, akatamka neno moja: "Vimekutana." Aliingia jikoni, akamuburuza Claudette mpaka nje kwenye mvua, kisha yeye mwenyewe akaanguka.

Hospitalini kifua chake kilijaa maji. Alipoweza kusema, alimwambia Esdras: "Musimugombeze. Alitaka nyumba yangu inukie vizuri." Alituacha Alhamisi tarehe 9 Oktoba, mapambazuko.

Ameacha Papa Benoît, watoto watatu, mukamwana Claudette, wajukuu Mamy na Byamungu, na mimi kaka yake. Ameacha pia machupa yasiyoandikwa jina ndani ya nyumba zenu, wamama, karibu na javeli yenu. Leo mukitoka hapa, muyatenge. Ninawaomba, na ninakasirika nikiwaomba.

Kuna jambo lingine. Claudette hajaambiwa. Muganga amekataza, anasema kilio kimoja tu kinaweza kumaliza kifua kile. Kila asubuhi anauliza kama mama mukwe amepona. Esdras anamujibu kwamba anaendelea vizuri, kisha anatoka nje kulia. Kwa hiyo karatasi hii munayoshika isifike hospitalini. Anayekwenda kumutazama aiache kwangu, afute macho, na akiulizwa juu ya Mama Adelaïde, ajibu kama Esdras.

Dada yangu, lala salama. Na Mungu atuachie Claudette.