Kitabu cha Kwanza Kwenye Orodha ya Fundi Nafasi

Ndugu waombolezaji, kaka yangu, ambaye wengi mlimwita Fundi Nafasi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkunga, na naomba mnivumilie nikisoma polepole, maana karatasi hii ingepita mikononi mwake angeikagua kuanzia neno la mwisho kurudi la kwanza, akiwinda makosa, na woga huo ninao hadi sasa.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1959 hadi 1966, akaingia chuo cha uchapaji Januari 1969, akaajiriwa kiwandani tarehe 3 Aprili 1972 kupanga herufi za madini ya risasi, na mwaka 1988 akafungua karakana ya kusanifu mabango, vitabu na vibandiko vya chupa za dawa, juu ya duka la miwani, ambako jina lilimganda kwa kuwa mteja akitaka maneno yajae hadi pembeni, alimwambia nafasi tupu nayo ina kazi yake.

Alifunga ndoa na wifi yangu tarehe 6 Agosti 1977, wakajaliwa wavulana wawili na binti, kitinda mimba, aliyerithi karakana.

Kila aliyeanza kazi pale alioneshwa orodha ya vitabu kumi na viwili nyuma ya mlango, kati yake vinne tu ndivyo vilivyohusu uchoraji, vingine vikiwa vya ramani, vya mashairi, hata ratiba ya treni, kwani alisema mkono hujifunza haraka, kichwa ndicho kinachochelewa. Cha kwanza kilikuwa kitabu chembamba kuhusu namna jicho linavyosoma, na binti yake alikabidhiwa tarehe 2 Februari 2004, akasoma kurasa kumi, kazi zikambana, na baba alipomuuliza amefika wapi, akajibu amekimaliza.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi, lakini hii ilimchukua miaka ishirini, akisikia kikohozi cha baba ngazini anajitafutia safari ya dukani. Mwaka 2019 marehemu alipata presha ya macho, kufikia 2023 hakuona tena, akamwomba binti amsomee kitabu kile, naye akasema kesho, akasema wiki ijayo, akihofia ulimi ungejikwaa na kumuumbua kuwa hajakisoma. Jumanne tarehe 4 Juni 2024 kaka alipatwa na kiharusi, na Ijumaa tarehe 7, saa tano na dakika ishirini asubuhi, akatutoka.

Juzi binti alikifungua kitabu, akakuta kwenye ukurasa wa 63 kikaratasi chenye mwandiko wa baba na tarehe ileile aliyomkabidhi kitabu, kimeandikwa: "Ukifika hapa, mwanangu, njoo unieleze, mimi hapa sijawahi kupaelewa." Amelia sana, na ameniomba mwenyewe niwasomee haya mbele yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliomshika mkono kwenye ngazi, wafanyakazi wa karakana, na mwenye duka la miwani aliyelifunga siku tatu.

Kaka, mwanao ameusoma ukurasa ule mara nne, anasema hata yeye hajauelewa, lakini amefika. Pumzika kwa amani, usimsubiri tena.