Picha ya Kwenda Mnyambe

Kijiwe chetu cha Newala ni gogo la mkorosho nje ya banda la kahawa la Mrisho. Asubuhi ile hatukugusa amri za Bwana DC wala kadi za TANU. Tulikuwa na karatasi moja tu. Silvano seremala, tunayemwita Randa, alipewa na mwalimu Dorothy wa misheni. Kitabu kizima cha mapenzi ya Ulaya ya kale kililiwa na mchwa, ikabaki picha hii ya rangi ya maji: mwanamume wa mavazi ya chuma kapiga magoti, mwanamke kamwinamia kutoka dirishani. Randa alitaka kumpelekea Josephina wa Mnyambe, binti anayemposa, ambaye bado hajamjibu. Shangazi wa binti alikuwa njiani kuja kuichukua. Basi, mtu na shughuli yake! Lakini kijiwe kikajitia kati.

— Rangi ya maji? akasema Fakihi, jina lake la utani Redio. Sisi tunayafuata bondeni kutwa, wenzetu wanayamwaga kwenye karatasi!

— Tazama gauni, Redio, akasema Mrisho. Juu bluu nzito, chini inafifia kama ukungu wa alfajiri.

— Mimi natazama kichwa. Huyu ni lipiko, mcheza kinyago. Na kinyago kakifunua!

— Kofia ya vita hiyo.

— Kofia gani ina matundu ya macho? Na huyo dirishani ni mwali, kafungiwa. Randa, mwanamke hatakiwi kuuona uso uliomo kinyagoni; ukimpa picha hii umetoa siri ya jando. Wazee watakutoza mbuzi!

Randa akaanza kuikunja. Nilikuwa nimekwishainua mkono nimzabe Redio, Mzee Vitalis akanitangulia. Yeye huchanja watu nembo usoni, na hasemi ovyo.

— Usikunje, mjukuu wangu. Ona mstari huu, toka begani hadi pindoni. Mkono haukusita hata mara moja. Miaka thelathini nachanja. Mstari kama huu nimeupata mara mbili.

— Shikamoo, shangazi Pili! akaropoka Mrisho.

Alikuwa keshasimama nyuma yetu. Redio akaifunika picha kwa kofia yake.

— Marahaba. Ondoa kofia, Fakihi. Uso wa mwanamume nimeuona, na sijafa. Haya, Josephina akiniuliza hii ni nini, nimjibuje?

Redio akakohoa. Mrisho akafuta kikombe kikavu. Mzee Vitalis akamgeukia Randa.

— Mwambie, akasema Randa polepole, nina siku tatu naitazama, na kila siku naona mahali ambapo jana sikupaona.

— Hilo nitalifikisha, akasema shangazi, akailaza picha ndani ya kanga mpya, bila kuikunja.