Galaksi Kubwa, Beseni la Mama Kanyere na Soksi Moja

Mgeni rasmi, Muzee Habarurema, Inspecteur wa shule zetu, Papa Préfet, mkuu wetu wa shule, Mama Léonie, mlezi wa bweni, walimu na wanafunzi wenzetu:

Leo historia ya sayansi inapita katika uwanja huu wa Majengo. Sisi, wanachama kumi na mmoja wa Chama cha Wasikilizaji wa Mbingu, tunatangaza mbele yako kwamba tumejenga chombo cha kusikiliza galaksi zilizo kubwa kuliko zote zinazotoa mawimbi ya redio. Chombo hicho ni beseni la kufulia. Tangu tulichukue, Mama Kanyere wa jikoni anaoshea majani ya sombe ndani ya ndoo, na hajatusamehe.

Karibu sana, Muzee. Kiti ulichokalia tumekitoa ofisini kwa Papa Préfet. Yeye amekalia benchi, nasi tunamshukuru kwa uvumilivu. Anayekusomea ni katibu, Ange Twagirimana, namba 47. Hapa bwenini kila mtu hushona namba yake kwenye nguo zote, mpaka soksi, zisipotee siku ya kufua.

HISTORIA YETU

Chama kilizaliwa Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka na mji ukaambiwa uhame. Tulitembea kwa miguu hadi Sake, tukapewa ukumbi wa parokia. Siku ya tatu, Mwalimu Modeste wa fizikia alituona tukipigania biskuti. Akaokota kipande cha mkaa, akachora ukutani nukta moja yenye mistari miwili inayopeana mgongo.

Alisema nukta ni shimo jeusi katikati ya galaksi, zito kuliko majua milioni nyingi. Gesi inalizunguka ikielekea kumezwa, lakini sehemu yake inarushwa nje pande mbili, karibu kwa mwendo wa mwanga, hadi inafumuka mbali huko kama mawingu mawili. Macho hayayaoni mawingu hayo, redio inayasikia. Gentil Hategekimana, mtoto wa kijiji cha Kibumba, akauliza kutoka wingu hadi wingu ni umbali gani.

"Mwanga ukitoka ncha moja leo," Mwalimu akasema, "utafika ncha ya pili baada ya miaka zaidi ya milioni mbili."

Gentil akaiweka chini biskuti yake. Katibu akaila.

TULIYOYAFANYA

Tumejifunza kwamba nyingi ya galaksi hizi ni wazee, kwa kuwa mawingu yao yanahitaji mamilioni ya miaka kusafiri mpaka huko. Wataalamu wengine wanasema zimekua hivyo kwa sababu majirani ni wachache na hakuna gesi nzito ya kuzuia njia. Wengine wanasema ni nguvu ya shimo lenyewe. Bado wanabishana. Chama chetu, kinacholala katika dortoir moja ya vitanda sitini, kinaunga mkono hoja ya nafasi.

Ndugu zao ni kwasari kubwa, ambazo ni adimu zaidi. Kwasari moyo wake unawaka kuzidi nyota zote za galaksi yake. Yawezekana tofauti yao ni upande tunaotazamia tu. Mlima wetu ukiutazama toka mtaa wa Himbi unaona moshi. Ukisimama ukingoni mwa shimo lake unaona moto. Mlima ni ule ule.

Gentil ndiye aliyejenga antena juu ya paa, kwa beseni, waya wa banda la kuku na dekoda ya televisheni iliyokufa. Mpaka leo haijasikia galaksi hata moja. Imesikia jua, mara tisa, saa sita mchana. Linasikika kama mafuta yanayokaanga mikate. Tulishangilia mpaka Papa Préfet akatoka na fimbo.

MATATIZO

Tangu waasi washike barabara ya Rutshuru, Kibumba iko upande wao, na wazazi wa Gentil wanaishi ndani ya hema, kambi ya wakimbizi ya Kanyaruchinya. Mwezi uliopita, saa kumi jioni, mlinzi wetu Papa Adalbert alisikia mutu akiongea ndani ya beseni, Kinyarwanda safi, lugha wanayoongea waasi. Alikimbia kumwambia chef wa avenue, mkuu wa mtaa wetu. Jumatatu iliyofuata walikuja askari wanne. Mkubwa wao aliuliza chombo hiki kinaongea na nani. Gentil, ambaye hajui kudanganya, akajibu kwamba hakiongei, kinasikiliza vitu vya mbali.

"Mbali kupita Rutshuru?"

"Kupita sana, chef."

Jibu hilo halikusaidia. Wakakagua beseni, wakakuta soksi moja, wakampa Mama Léonie, aliyeipokea kwa vidole viwili. Chama hakijui ni ya nani. Kuhusu sauti, chama kinaamini ilikuwa hali ya hewa. Papa Préfet ameamua kwamba Jumamosi hii beseni litashuka, na Gentil atarudi kwao. Kwao ni lile hema.

MAOMBI

Tunaomba antena ibaki juu na Gentil abaki shuleni. Tena, kwa heshima zote, tunaomba beseni jipya kwa Mama Kanyere.

NYONGEZA YA ASUBUHI HII

Muzee, risala ilikuwa iishie hapo. Lakini kila risala hupita kwanza kwa Mama Léonie. Ameisoma yote, akacheka alipofika kwenye soksi, kisha akafungua droo. Soksi imeshafuliwa. Ina uzi mwekundu: 47.

"Ange, mutoto wangu, ongeza ukurasa," alisema. "Kama hauandike, nitasema mimi."

Sauti ile ilikuwa habari za saa kumi. Nilichukua redio ndogo ya Mama Kanyere, nikaifunga ndani ya beseni kwa soksi yangu, ili Papa Adalbert aruke. Aliruka. Usiku nilirudisha redio, nikasahau soksi. Askari walipokuja nilinyamaza, na nimenyamaza majuma matatu. Juzi Gentil, akifunga mizigo yake, alinipa daftari lake la jua nimtunzie. "Usikose jua ya saa sita," aliniambia. Hakuniuliza kitu.

Basi, Muzee, kama lazima mtu ashuke Jumamosi, nishuke mimi. Kwetu ni Himbi, na kitanda kipo.

Mungu akufikishe kwako kwa barabara isiyo na barrière ya askari hata moja.

Ni sisi, Chama cha Wasikilizaji wa Mbingu, isipokuwa ukurasa wa mwisho, ambao ni wa namba 47 peke yake.