Salvator Hakuacha Ufunguo Ovyo

Ijumaa hii, tarehe 28 Februari 2025, Salvator Bigirindavyi anastaafu baada ya miaka ishirini na mbili katika kinu chetu cha unga hapa Newtown. Wakubwa wameniomba niandike mimi, Bibi Zabibu wa kushona magunia, kwa sababu nilimtangulia hapa. Shule sikusoma sana, lakini macho ninayo.

Salvator alikuja kutoka Burundi, akaanza kwa kubeba magunia. Alipopata ukaazi wa kudumu alikwenda mafunzoni, akapata cheti cha polisi cha kuruhusiwa kushika bunduki, akakabidhiwa ile bunduki ndogo ya ghalani. Wengi wenu mkiiona mnacheka. Mtutu wake ndani ni laini kama bomba la maji, na risasi yake, nyembamba kuliko kidole cha mtoto, imejaa vichembe kama ulezi. Inaangusha njiwa na panya wa karibu bila kutoboa bati la paa. Bila Salvator mngekula ugali wa mavi ya njiwa, na watu wa afya wangeshatufungia.

Kabla hajafyatua, kila mtu nje. Siku moja mwenye kinu mwenyewe alisimama mvuani na kikombe chake cha chai mpaka kazi ikaisha. Salvator hakumwomba radhi, na vizuri hakumwomba.

Sasa sikilizeni, hasa wewe Claude, msimamizi wetu. Salvator alikuwa aondoke Novemba iliyopita, akaishi na binti yake Durban. Claude akamwambia amwachie tu ufunguo wa kasha la bunduki, eti kile kidude ni sawa na bunduki ya upepo, hakina haja ya vibali. Eish. Ile ina baruti! Kinu kina leseni yake, na anayeishika lazima awe na cheti chake mwenyewe. Salvator akamjibu mbele yetu sote, "Bwana Claude, ikikutoboa jicho utaiita kidude cha kuchezea?" Ufunguo akaurudisha shingoni, kwenye kamba yake.

Claude akanuna, akaamuru bunduki ipumzike, tuwafukuze njiwa kwa kupiga masufuria. Njiwa wakadhani harusi, wakaita na ndugu zao.

Salvator akamchukua Tania, yule wa mizani, akampeleka mafunzoni. Mara ya kwanza Tania alifeli, akalia, akataka kuacha. Salvator akaahirisha safari. Binti yake alikasirika kule Durban, maana kitanda kilikuwa kimetandikwa. Mzee akakaa, kila mchana akimfundisha Tania sheria kwenye mlango wa ghala, mkate mkononi.

Jumatatu cheti cha Tania kilitoka. Jana Salvator alivua ile kamba shingoni, akamvika Tania, ufunguo ukining'inia. Claude alipiga makofi. Sikumlazimisha, nilimtazama tu.

Salvator, ndugu yetu, asante kwa unga safi na kwa kichwa chako kigumu. Nenda ukalale mpaka jua likuamshe. Mungu akupe siku nyingi na miguu ya kuzitembelea. Na njiwa wa kibarazani kwa binti yako, hao warushie mkate tu. Bunduki ni ya Tania sasa.